Siku Seva Ilipotangaza Mafuriko

Siku binti wa mama mdogo alipoolewa kule kijijini Wema, kando ya mto, mimi nilikuwa Garsen, nimejifungia chumbani na kompyuta. Nilikuwa nimemwambia mapema kwamba sitafika kanisani, nitakuja jioni wakati wa kula na kucheza. Alinuna. Tumelelewa nyumba moja, na kwetu mtoto wa mama mdogo si binamu, ni mdogo wako wa tumbo moja.

"Kazi gani hiyo isiyoweza kungoja Jumatatu?" aliniuliza kwa simu.

Nikamwambia Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo watu wa ofisini hawaigusi mitambo. Akasema, "Haya, dada," kwa sauti ya mtu aliyechoka kubembeleza.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Kampuni iliyoniajiri ina ofisi ndogo Nairobi, lakini mimi nilirudi Garsen baada ya baba kufariki, nipate kuwa karibu na mama. Kwa kuwa kazi hii hufanyika popote penye umeme na mtandao, wakubwa walikubali. Nilipanga vyumba viwili nyuma ya duka la mabati na saruji, nikaweka sola juu ya paa kwa ajili ya siku umeme unapopotea. Kampuni yetu hutuma ujumbe wa simu kwa watu wa delta, kule mto unakoingia baharini. Mvua ikinyesha sana huko juu na mabwawa yakafunguliwa, tunawaambia watu wa huku chini kabla maji hayajawafikia. Wakulima wa Wema walijiandikisha, wafugaji wa Minjila wakajiandikisha, na wavuvi wa Kau. Mama yangu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa. Alipenda kuwaonyesha wenzake simu yake na kusema, "Anayeandika haya ni wangu."

Sasa, programu kama hiyo haibadilishwi ovyo. Kila tunaporekebisha kitu, marekebisho hupita kwanza kwenye seva maalumu ambayo kazi yake ni kuichukua programu, kuijenga upya na kuipima. Je, inamfikia anayestahili? Je, inabeba watu wengi kwa mpigo bila kuanguka? Ikifaulu majaribio yote, ndipo inaruhusiwa kwenda kazini. Seva yetu ilikuwa mashine moja kuukuu iliyokaa chini ya meza Nairobi. Fundi aliyeiweka alikwisha kuondoka. Aliiweka kwa mkono, kidogo leo, kidogo kesho, mpaka hapakuwa na mtu aliyejua tena kila kilichomo ndani yake. Ikizima, tulikuwa tunamwomba Mungu iwake.

Mimi ndiye niliyepewa kuihamisha. Nilitakiwa kuipeleka kwenye klasta, yaani kundi la mashine za kukodi zinazofanya kazi kama mashine moja, ambamo kila programu hukaa ndani ya kontena lake pamoja na kila kitu inachohitaji. Na safari hii isiwekwe kwa mkono. Kila kitu kiandikwe kwenye faili za msimbo, maandishi ambayo mashine huyasoma na kuyatii: seva ni hii, nafasi yake ni hii, funguo zake ni hizi. Hata seva ikifa asubuhi, unaipa klasta yale maandishi na mchana inazaliwa upya, ile ile.

Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Niliandika nikafuta, nikaandika tena. Kwenye mikutano ya video niliisema vibaya ile mashine ya chini ya meza kama mtu anayemsema mke mwenza. Nilikuwa na msemo wangu: "Kisichoandikwa hakipo." Wenzangu walicheka, na mimi nikaurudia kwa sababu walicheka.

Mkuu wangu, mama mmoja mpole asiyependa makelele, aliniuliza siku moja kabla ya harusi, "Umeipekua ile ya zamani yote?"

"Yote," nikasema.

Nilikuwa nimepekua faili zake. Sikuwa nimepekua mlango wake.

Jumamosi hiyo nilioga mapema, nikapasi nguo ya sare tuliyoshonewa ndugu wa bibi harusi, nikaitundika nyuma ya mlango. Kisha nikakaa, nikaandika amri moja na kubonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta, makontena yalianza kuinuka, moja, la pili, la tatu. Seva mpya ikaamka. Ikaichukua programu yetu kama ilivyofundishwa, ikaijenga, ikaanza majaribio. Yalipita moja baada ya jingine, kila moja likigeuka kijani. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani. Nilimwandikia mkuu wangu: imekubali. Nilikuwa nimeanza kufikiria kwamba ningewahi hata keki.

Simu yangu ikalia mlio wa ujumbe.

"Maji ya mto yanapanda kwa kasi. Hamieni sehemu ya juu leo, msingoje jioni. Wabebeni wazee na watoto kwanza."

Nilisoma na jambo la kwanza nililohisi lilikuwa hofu ya mto. Nilifikiri: mama yuko Wema. Wote wako Wema. Ndipo nikasoma tena, na safari hii niliyatambua maneno. Yalikuwa yangu. Niliyaandika mwenyewe zamani kwa ajili ya jaribio moja, lile la kuona kama programu inaweza kusukuma ujumbe wa hatari kwa watu wote kwa mpigo. Jaribio hilo lilitumia namba za watu wa kweli. Sote tulijua kuwa haifai, na sote tuliliacha, kwa kuwa halikuwahi kutudhuru. Kwenye mashine ya zamani ujumbe ule ulitungwa na kusukumwa kila siku, na kamwe haukutoka nje. Mimi nilidhani programu yenyewe ilijua kuwa iko kwenye majaribio. Haikujua chochote. Kilichouzuia ni kizuizi kidogo alichokiweka yule fundi kwenye mtandao wa mashine ile, kwa mkono, bila kukiandika popote. Nilipoijenga upya seva kwa msimbo, kila kilichoandikwa kilikuja. Kizuizi hakikuandikwa, basi hakikuja.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba simu ya mwenye duka ililia upande wa pili wa ukuta, kisha ya mteja wake, na mtu akasema kwa sauti, "Jamani, maji!"

Nilifuta seva. Msimbo ule ule ulioijenga kwa amri moja uliibomoa kwa amri moja, lakini ujumbe uliokwisha kutoka haurudi. Nilimpigia mkuu wangu. Sikujua nianzie wapi, nikasema tu, "Umeenda kwa watu. Umeenda kwa watu wote." Akasema, "Kata simu. Mimi natuma wa kuukanusha. Wewe piga kwa watu unaowajua."

Nilimpigia mama. Simu iliita sana kabla hajaipokea, na alipoipokea nilisikia kwanza kelele: kengele ya kanisa ikipigwa bila mpango, watoto wakilia, mtu akiita jina la mtu.

"Mwanangu, uko wapi? Maji yanakuja! Tumeshamtoa bibi yako kwa godoro, tuko kwenye mitumbwi."

"Mama, hakuna maji."

"Nini?"

"Hakuna maji, mama. Ule ujumbe ni makosa."

"Makosa ya nani? Umeandikwa vizuri kabisa!"

"Ni yangu. Ni mimi. Nilikuwa najaribu mashine mpya, ikatuma."

Nilisikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi. Nilijua kwamba muda si mrefu ujumbe wa kukanusha ungefika, na ulipofika nilisikia mlio wake kwenye simu yake mwenyewe. Nikamsikia mtu akiusoma kwa sauti na mwingine akimjibu, "Usidanganywe, hao wanataka tufe. Sukuma!" Watu wa mto hawasubiri kuthibitisha. Walishawahi kusubiri, miaka mingine, na makaburi yao yapo.

Hapo ndipo mama yangu alipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kuangalia. Alisimama ndani ya mtumbwi. Nalijua hilo kwa sababu nilisikia watu wakimwambia akae, atawaangusha. Akapaza sauti, sauti ya kuimbia kwaya, akasema, "Hakuna maji! Rudini! Ni binti yangu! Ni huyu wangu wa Garsen amekosea na kompyuta yake! Hakuna maji, ni binti yangu!"

Alisema hivyo mara nyingi. Aliendelea kusema huku mtumbwi ukirudi ukingoni, na sauti za wengine zikapungua ikabaki yake peke yake. Mimi nimekaa juu ya kitanda Garsen, simu sikioni, nguo ya harusi imetundikwa mbele yangu. Hakukata simu. Nadhani alisahau kwamba ameishika.

Nilikodi bodaboda. Yule dereva hakujua mimi ni nani, akanisimulia njia nzima. Watu wa chini wamechezewa akili leo, alisema, kuna kampuni imetuma uongo. Kwenye barabara tulikutana na watu wanaorudi: mwanamke na sufuria kubwa kichwani, mzee amebebwa kwenye baiskeli, mbuzi wawili wamefungwa kamba moja. "Huyo aliyetuma afungwe," dereva akasema. Nikasema, "Ndiyo."

Wema, uwanja wa kanisa ulikuwa umekanyagwa kama zizi. Wali ulikuwa umemwagika, kuku wa watu walikuwa wanaula. Wanawake waliobaki walikuwa wanaosha upya sahani zilizoangukia matopeni. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimu, kila mmoja kwa zamu yake, salamu ndefu za kawaida, hujambo, habari za Garsen, kazi haikuchoshi? Wakati huo ndipo nilipotamani mtu anipige kofi.

Bibi harusi alikuwa ndani kwa mama mdogo, ameketi kwenye mkeka na gauni lake jeupe, kahawia kuanzia magotini kwenda chini. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta vinywaji vilivyosahaulika ng'ambo. Nilipiga magoti mbele yake. Nilikuwa nimetunga maneno njiani.

"Mdogo wangu, nimekuja kukuomba..."

"Dada," akanikatiza. Hakuwa analia. "Ulisema kazi imekuzuia kufika. Mbona kazi yako imefika bila wewe?"

Nilikaa pale pale. Akanyoosha mguu, akasema nimsaidie kuvua kiatu, kimejaa matope. Nikamvua. Nikamvua na cha pili. Harusi iliendelea jioni ile, na wali uliobaki, na nyimbo chache. Mimi nilikaa jikoni na wale wanaoosha, na mama alikuwa amekaa na wazee wa kike nje, mgongo wake kwangu, kitenge kipya kimeloa. Alipokuja kuchukua maji alinigusa bega akapita. Sikumwambia kwamba nilimsikia mtoni.

Wiki iliyofuata chifu aliitisha baraza Minjila. Kampuni ilitaka kutuma barua ya kuomba radhi, lakini mkuu wangu akasema barua hailiwi. Mtu aende. Mtu wa karibu alikuwa mimi. "Si lazima useme ni wewe," aliniambia kwenye simu. "Sema ni sisi. Na ni kweli, ni sisi. Mimi nilikuuliza swali moja nikaridhika na jibu moja." Sisi wa kazi hii tuna desturi ya kutomlaumu mtu, tunasema lawama haifundishi. Ni desturi nzuri. Lakini nilikuwa nimeona kwamba mtu asipolaumiwa na yeyote, lawama yote inabaki nyumbani kwake, inakula naye na kulala naye.

Minjila niliwakuta wamekaa makundi mawili kama kawaida ya huko, wakulima upande huu, wafugaji wa Kiorma upande ule. Nilieleza. Nilikuwa nimejiandaa kutumia maneno mepesi. Nikasema tulikuwa na nyumba ya zamani ya kujaribia dawa, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ambayo hakuna aliyeijua. Tulipojenga nyumba mpya, tulijenga kuta na paa, tukasahau kamba, na dawa ikatoka nje. Wengine walitikisa kichwa. Wengine walikuwa wanazitazama simu zao.

Mfugaji mmoja akasimama, mtu mzima, shuka begani, fimbo mkononi. Nilikwisha kuambiwa habari zake. Siku ile aliswaga ng'ombe wake kutoka malisho ya chini, wakikimbia, na mmoja mwenye mimba aliteleza kwenye mfereji akavunjika mguu. Walimchinja hapo hapo.

"Mimi iko na swali," alisema. "Hayo maneno ya simu. Iliandika mashine ama iliandika mtu?"

Nilimtazama chifu. Chifu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mtu," nikasema. "Mimi niliandika."

"Wewe."

"Mimi, baba."

"Saa ile unaandika, wewe iliona mto?"

"Hapana. Nilikuwa najaribu tu. Niliandika kitu kinachofanana na kweli."

Alifikiri. Nilingoja aseme habari za ng'ombe. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kuzisema, maneno yalikuwa mdomoni: ng'ombe wako, baba, na ndama aliyekuwa ndani.

"Maneno ni mazuri, binti," alisema. "Mimi Kiswahili ya kusoma inanisumbua. Lakini hiyo ilisoma mara moja, nikasimama. Wazee na watoto kwanza. Nzuri." Alinyanyua fimbo kidogo, kama anayeelekeza mifugo. "Sasa siku maji inakuja ya kweli, wewe itaandika maneno gani? Kwa sababu hayo mazuri umemaliza."

Akakaa. Ng'ombe hakumtaja kabisa. Alikuwa ameshasema lake.

Tulilijadili swali lile mpaka adhuhuri, na katika kulijadili ndipo baraza lilipopata uhai. Mwanamke mmoja mkulima akasema ujumbe usije peke yake tena, ufuatwe na sauti ya mtu wanayemjua. Mwingine akasema sauti iwe kwa lugha zao, si Kiswahili tu. Chifu akakubali kupigiwa simu kwanza kabla ya ujumbe wowote wa kuhama. Niliandika yote. Nilikubali yote. Ningekubali hata wangeniambia niende nikapige ngoma ukingoni.

Niliporudi Garsen nilimwandikia mkuu wangu kwamba naacha kazi. Alinipigia pale pale.

"Huachi," alisema. "Wewe ndiye mtu pekee katika kampuni hii anayejua hasa lile shimo liko wapi. Ukiondoka, atakayekuja atalitumbukia. Lifukie kwanza, ndipo tuzungumze."

Nikalifukia. Niliandika kwenye msimbo, juu kabisa, kabla ya kitu kingine chochote, kwamba klasta isiruhusu neno hata moja kutoka kwenye majaribio kwenda nje, na kwamba ikikuta kizuizi hicho hakipo, seva ikatae kuamka. Nilifuta namba zote za watu wa kweli. Nililifuta jaribio langu, nikaandika jingine linalosema tu: hili ni jaribio. Hapo ndipo nilipotakiwa kuiwasha tena seva, ile ile, kwa amri ile ile. Kidole changu kilikataa. Nilikwenda dukani mbele, nikanunua soda, nikainywa yote nimesimama, nikarudi. Nilipobonyeza na majaribio yakaanza kugeuka kijani, niliziweka simu zangu mbili mezani, nikazitazama. Hazikulia. Nilisikiliza ukuta. Mwenye duka alikuwa anabishana na mtu kuhusu misumari. Niliendelea kusikiliza mpaka nikapata aibu ya kusikiliza.

Nguo ya sare bado ilikuwa nyuma ya mlango. Sikuwa nimeivaa. Nilikwenda Wema siku ile na nguo niliyofanyia kazi.

Mvua za msimu uliofuata zilianza huko juu, sisi tukiwa bado kwenye jua. Mto ulianza kubadilika rangi. Kisha vipimo vikaja, mabwawa yakafunguliwa, na hapakuwa na shaka tena. Tulimpigia chifu, chifu akawapigia watu wake, na ujumbe ukatoka. Maneno yake hayakuwa mazuri kama yale ya kwanza. Nilijaribu kuyatunga na kila nililoliandika lilionekana kama uongo, mwisho mkuu wangu akayaandika yeye.

Simu yangu haikupumzika. Shangazi zangu, jirani, watu ambao sikujua wana namba yangu, wote na swali moja: "Ni maji, au ni wewe?" Nilijibu kila mmoja. Ni maji. Si mimi, ni maji. Safari hii ni maji, nawaapia. Wengi walihama siku hiyo hiyo. Watu wa Wema walitoka karibu wote. Wale wa Minjila wenye mifugo walikuwa wameshaondoka, waliusoma mto wenyewe.

Nilikwenda kusaidia kwenye kambi, sehemu ya juu, karibu na barabara kuu, penye shule. Mahema yalikuwa machache kuliko watu. Mama alikuwa tayari ameshatengeneza jiko la mawe na kuwapanga wanawake kwa zamu. Mimi nilipewa birika. Kazi yangu ilikuwa kumpa chai kila anayeshuka.

Alasiri ya siku ya pili ilikuja boti ya uokoaji kutoka upande wa Kau. Ilikuwa na familia moja iliyotolewa juu ya paa: baba, mama, watoto, na mzee mmoja amefunikwa blanketi la kupewa. Walishuka wakiwa wameloa mpaka kwenye nyusi. Hawakuwa na kitu mkononi, hata kikombe. Yule mama aliketi chini kwenye majani, nikamwekea chai, nikawawekea watoto.

"Hamkupata ujumbe?" mtu mmoja wa kambi alimuuliza, kwa huruma tu.

"Tulipata," alisema. "Ulifika mapema sana. Baba watoto akasema, achana nao, ni wale watu wa kompyuta tena. Sisi tulishakimbia siku ile na godoro kichwani, tukarudi tukachekwa." Alipuliza chai. "Basi tukalala."

Mumewe alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa katikati ya magoti. Alikuwa na haya ya mwanamume aliyeikosesha familia yake nyumba. Nilimwona, nikajua haya zile si zake.

"Asante, dada," yule mama akaniambia nilipomwongezea. "Mungu akubariki sana."

Birika lilikuwa zito. Ningeweza kuondoka. Hakunijua, hapakuwa na mtu wa kumwambia. Lakini yule mwanamume alikuwa bado hajainua kichwa.

"Ujumbe wa kwanza, ule wa uongo," nikasema, "ni mimi niliyeutuma. Ni mashine yangu. Baba watoto hakukosa. Ningekuwa yeye, nami nisingeamini."

Mwanamume akainua kichwa. Mwanamke akanitazama, kisha akawatazama watoto, mmoja baada ya mwingine, kama anayehakikisha. Mdogo kabisa alikuwa amekunja uso, ameshika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Huyu hanywi bila sukari," alisema. "Iko sukari?"

"Iko," nikasema, ingawa nilijua ilikwisha asubuhi. Niliweka birika chini, nikaenda kutafuta, hema kwa hema.